Mashine Kongwe ya Dizeli Inapokatika Mwendo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni fundi wa mashine za vyombo, niko Wete, Pemba. Maswali haya naulizwa gatini, naulizwa barazani baada ya sala ya alasiri, na mengine hunifikia usiku kwa simu ya nahodha ambaye chombo chake kinachukuliwa na maji. Nimeyaandika pamoja ili mtu asome kabla hayajamkuta. Yanahusu mashine kubwa za zamani za silinda sita: Cummins NT855, Gardner, Detroit 6-71, na zile Hino na Mitsubishi zilizoshushwa kwenye malori zikatiwa majini. Mwenye lori la karafuu au jenereta kongwe naye atapata chake. Mashine za kompyuta mimi simo.

Ukisema "mwendo umekatika" unakusudia nini hasa?

Krenki, shafti kubwa inayozungushwa na pistoni, ndiyo yenye nguvu. Kila kitu kingine kinachozunguka kinaomba mwendo kwake: kamshafti inayofungua valvu, pampu ya dizeli, pampu ya oili, pampu za maji, alteneta, halafu giaboksi na rafadha (pangaboi la chombo). Mwendo huo hupokezanwa na gia za taiming (kwenye Gardner ni mnyororo), kaplini (kiungo cha shafti mbili), kii (kipande kidogo kinachokaa kwenye mfereji baina ya shafti na gia), shafti fupi na mikanda. Ni vipande vidogo, vingi havionekani mpaka ufungue kava, na kimoja kikikatika mashine nzima inageuka mzigo wa chuma.

Fundi, mashine imezimika ghafla katikati ya Mkondo wa Pemba. Nianzie wapi?

Anzia kwenye chombo, mashine baadaye. Mkondo ule una kina cha mamia ya mita, nanga yako haitagusa chini, na maji yanakupeleka kaskazini, zaidi wakati wa kusi. Kama una tanga, tweka. Kama simu inashika, piga sasa, kabla hujaachana na minara. Kisha ndio ushuke kwenye mashine.

Kumbuka ilivyozimika. Dizeli ikipungua au ikiingia hewa, mashine hukohoa kwanza: inashuka, inapanda, inashuka tena, ndipo inapokufa. Kaplini au gia ikikatika, huzimika kama taa. Wakati mwingine husikika "tak" moja tu. Muulize baharia aliyekuwa karibu na mashine, maana wewe ulikuwa kwenye usukani na upepo masikioni.

Usipige stata kwanza. Najua mkono unawasha, lakini kama gia ya kamshafti imetoka mahali pake, kila ukipiga stata unapigisha pistoni kwenye valvu, na hasara ya kii moja inakuwa hasara ya silinda hedi. Weka mkono wa dizeli kwenye kuzima, toa waya wa betri, tia spana kubwa kwenye puli ya krenki na uizungushe taratibu mizunguko miwili kamili. Ikigota chuma kwa chuma, simama hapo hapo. Usilazimishe.

Ikizunguka bila kugota, fungua kava moja la roka (mikono inayosukuma valvu). Mwenzako azungushe, wewe tazama. Krenki inazunguka na roka zimelala? Basi kamshafti haipati mwendo, na kazi hiyo si ya baharini. Funga, subiri kuvutwa. Roka zinacheza? Nenda kwenye kaplini ya pampu ya dizeli. Upande wa mashine ukizunguka na upande wa pampu umesimama, umeshampata mwenye kosa.

Pande zote mbili zikizunguka, rudisha waya wa betri, toa mkono kwenye kuzima, legeza nati ya bomba la nozeli moja (inayopuliza dizeli ndani ya silinda), upige stata kidogo. Uso na vidole vikae mbali. Dizeli ya msukumo huo hupenya ngozi, na jeraha lake dogo la nje huwa kubwa ndani. Ikitoka kwa nguvu, mwendo hauna kosa. Isipotoka, tazama kwanza chujio, maji kwenye kikombe na waya wa kifaa cha kuzimia. Cummins nyingi zina valvu ya umeme ya kuzimia juu ya pampu: chumvi ikila waya wake, mashine nayo huzimika kama taa, vile vile kabisa kama kaplini iliyokatika. Valvu hiyo ina kifundo cha kuifungua kwa mkono. Nimewahi kuvuta chombo mpaka gatini, nikamaliza kazi kwa kukwangua waya kwa kisu.

Kaplini ya pampu ya dizeli inakatika mara kwa mara. Nilinunua spea feki?

Huenda. Lakini nitakusimulia langu. Palikuwa na chombo kimoja cha kubeba mbao na saruji, mashine yake ya lori la Kijapani, pampu ya safu yenye plunja sita (vijiti vinavyosukuma dizeli, kimoja kwa kila silinda). Kaplini ilikatika, nikatia mpya. Baada ya miezi michache ikakatika tena, nikailaumu spea, nikaagiza nyingine ya bei kubwa zaidi. Ilipokatika ya tatu ndipo nilipolala chini ya mashine na tochi, nikaona kibao anachokalia pampu kina ufa kwa chini, na boliti mbili zimelegea. Mashine ikiwa baridi pampu ilikaa sawa. Ikipata moto na kubeba mzigo, pampu iliinama kidogo na kaplini ikawa inakunjwa kila mzunguko. Mwenye chombo nilimtoza kaplini mbili ambazo hazikuwa na kosa lolote. Nilimrudishia ya moja, ya pili akanisamehe.

Tangu siku hiyo, kaplini ikikatika natafuta muuaji kabla ya kununua spea. Naanza na pampu yenyewe: toa kaplini, zungusha shafti ya pampu kwa mkono au spana ndogo. Pampu ya plunja sita itakukatalia mara sita katika mzunguko mmoja, kila mara inakaza halafu inaachia. Hiyo ni kawaida. Ikikaza mahali pamoja zaidi ya pengine, au ikigoma kabisa, ndani kuna plunja imeshika. Na kinachoshikisha plunja visiwani kwetu ni maji kwenye dizeli: mapipa yaliyokaa juani, tangi la chombo lisilokamuliwa maji, mvua za masika. Pampu ya namna hiyo itaivunja hata kaplini ya dhahabu.

Halafu natazama unyoofu. Weka rula ya chuma juu ya pande mbili za kaplini, kisha ubavuni. Halafu tikisa shafti inayoleta mwendo, juu na chini, mbele na nyuma. Ikicheza, bushi au beringi yake imekwisha. Mwisho ni boliti. Boliti za kaplini zina namba kichwani, 8.8 au 10.9. Boliti isiyo na namba ni ya mlango wa geti. Nimezikuta, zimefungwa na fundi mwenzangu, na nati zimepigwa nyundo zisitoke.

Kipande kilichokatika kinaweza kusema kilichokiua?

Kinasema, ila watu hukitupa baharini kwa hasira. Usikitupe. Wala usisugue pande mbili zilizokatika kwa kuzijaribisha zinavyokutana, utafuta maandishi.

Kifute mafuta kwa kitambaa, ukitazame kwenye mwanga wa ubavuni. Ukiona mistari iliyopinda, mmoja nyuma ya mwingine, kama ile maji yanayoiacha kwenye mchanga yakipwa, chuma hicho kilichoka. Ufa ulianza zamani, labda kwenye kona ya njia ya kii au kwenye kwaruzo, ukawa unatambaa kidogo kidogo mpaka nyama iliyobaki ikashindwa. Fuata mistari inakoanzia: hapo ndipo ulipoanza ufa, na mara nyingi utakuta kutu, alama ya patasi au kona kali. Sababu ni ya muda mrefu: kukaa mshazari, mtikisiko, boliti iliyolegea.

Ukikuta uso wote wa rangi moja, umesokoteka kama uliopinduliwa kwa koleo, bila mistari, basi kilikatwa kwa mara moja. Kuna kitu kilishika ghafla upande wa pili: pampu imejam, beringi imevunjika, kamba imeingia kwenye rafadha. Hapo usifunge kipya mpaka umezungusha kwa mkono kile kilichokuwa kinazungushwa.

Kii iliyolala na kupondeka bila kukatika ina hadithi nyingine: nati ya mbele haikukazwa. Mwendo unatakiwa ushikwe na msuguano wa koni na nati; kii kazi yake kubwa ni kuonyesha mahali. Ukiiachia ibebe mzigo peke yake, itapondeka.

Nimetia kaplini mpya, mashine haiwaki au inatoa moshi mweupe. Kulikoni?

Taiming, yaani wakati wa kupuliza dizeli. Kwenye mashine ya mipigo minne pampu huzunguka mara moja wakati krenki imezunguka mara mbili. Kwa hiyo pistoni namba moja hufika juu mara mbili katika kila zamu: mara moja ikiwa imebana hewa, mara moja ikiwa inamaliza kutoa moshi. Alama ya fulaiwili (gurudumu zito la mwisho wa krenki) haijui tofauti. Wewe ndiye unayetakiwa kujua.

Fungua kava la roka. Zungusha mpaka alama ikutane, kisha shika roka za silinda namba moja. Zote mbili zikiwa na uwazi, zinacheza kidoleni, pistoni iko kwenye kubana. Tazama na za namba sita: moja inafunga na nyingine inaanza kufungua, zinapokezana. Kama unayoyaona ni kinyume chake, zungusha krenki duara moja zaidi. Nusu ya simu ninazopigiwa za "nimefunga kila kitu sawa haiwaki" zinaishia hapo. Mtu amefunga pampu nusu duara nje, inapuliza dizeli wakati valvu ya moshi iko wazi.

Ukishapata kubana, rudi nyuma zaidi ya nyuzi (digrii) zinazotakiwa halafu uje mbele mpaka alama ya kupuliza, ili ucheze wa gia (nafasi baina ya meno) ubaki upande mmoja. Nyuzi ngapi, usiniulize mimi. Zimeandikwa kwenye kibao cha mashine au kwenye kitabu chake, na pampu ikibadilishwa zinaweza kubadilika. Kama huamini alama ya pampu, tumia njia ya wazee ya tone. Toa valvu ndogo ya kutolea ya plunja ya kwanza, funga kibomba kilichopinda kama shingo ya bata, pampu dizeli kwa mkono huku ukizungusha krenki polepole. Dizeli itatiririka, itapungua, itakuwa matone, itasimama. Pale inaposimama ndipo pampu inapoanza kupuliza. Pasipokutana na alama, sogeza kaplini kwenye matundu yake marefu.

Iliyochelewa hutoa moshi mweupe unaochoma macho, ni nzito kuwaka, na bomba la moshi hupata moto kupita kiasi. Iliyotangulia hugonga kwa ukali hasa ikiwa baridi, na watu huipenda kwa sababu inaonekana ina nguvu. Inajila pistoni.

Na mpangilio wa kuwaka: mashine nyingi za silinda sita ni 1-5-3-6-2-4, lakini Hino kadhaa ni 1-4-2-6-3-5. Ukichanganya mabomba ya nozeli utahangaika siku nzima na taiming isiyo na kosa.

Fundi wa Cummins alirudisha pampu bila kutafuta alama yoyote. Alinidanganya?

Hapana. Pampu ya PT, ndiyo pampu ya dizeli ya NT855, haina taiming. Kazi yake ni kutoa dizeli kwa msukumo unaobadilika. Anayepuliza ni injekta yenyewe, ikisukumwa na roka kutoka kwenye kamshafti. Ndiyo maana kila silinda ina roka ya tatu. Kaplini ndogo ya pampu ile ikikatika unatia nyingine, unatoa hewa, unawasha.

Lakini kuna mtego kwenye shafti inayoipa pampu mwendo. Puli yake ina alama za kupangia valvu na injekta, zimeandikwa VS pamoja na namba za silinda, au herufi A, B na C. Fundi akiirudisha shafti hiyo jino moja nje, mashine itawaka na kufanya kazi vizuri tu. Atakayeumia ni yule atakayekuja mwaka ujao kupanga tapeti (uwazi wa valvu): atafuata alama za puli, na zote zitakuwa za uongo. Kwa hiyo shafti ile ikishafunguliwa, uliza kama alama zilihakikiwa kwa pistoni. Shafti hiyo pia ina bushi na washa za kuzuia isisogee mbele na nyuma. Zikiliwa, pampu inagongagonga na kaplini inakatika, na tunarudi kule kule.

Detroit yangu 6-71 inazunguka vizuri kwa stata lakini haitoi hata moshi. Nimebadilisha chujio zote.

Hii ni mashine ya mipigo miwili, haivuti hewa yenyewe. Hupuliziwa na bloa iliyopo ubavuni, na bloa hupata mwendo kwa shafti nyembamba yenye meno, iliyofanywa nyembamba makusudi ili ikatike yenyewe kabla gia hazijavunjika. Uzito wa jambo uko hapa: gavana (inayodhibiti mwendo wa mashine), pampu ndogo ya kuvuta dizeli na pampu ya maji baridi nazo hupata mwendo kupitia bloa hiyo hiyo. Kijiti kimoja kikikatika umepoteza hewa, dizeli, maji na gavana kwa pamoja. Krenki inabaki kuzunguka nyepesi, na mtu anahangaika na chujio.

Toa mdomo wa kuingizia hewa uzione rota, zile zinazozunguka ndani ya bloa. Mikono, nguo na kilemba vikae mbali kabisa, rota zile hazina huruma. Mwenzako apige stata kidogo. Rota zikisimama na krenki inazunguka, shafti imekwenda. Kabla ya kutia mpya zungusha rota kwa mkono, betri ikiwa imetolewa waya. Zikigusana, zikikwaruza ukuta au zikiwa na ucheze mkubwa, beringi za bloa zimekufa, na shafti mpya utaikata siku ile ile.

Na kama sili (vizuizi) za oili za bloa zimechoka, mashine inaweza kuanza kunywa oili yake yenyewe na kukimbia bila kusikiliza mkono wa dizeli. Ndiyo maana ina mlango wa dharura wa kuziba hewa. Nenda leo ukautazame wako kama unafunga. Mingi niliyoikuta imeshika kutu ikiwa wazi.

Mbele ya mashine kuna mlio wa gia. Niogope?

Inategemea mlio. Mluzi mwembamba unaopanda na mwendo, na ulikuwapo miaka yote, huo ni wimbo wa mashine yako. Mlio mpya ndio wa kuuliza. Kugongagonga kwa sailensi (mashine ikizunguka polepole bila mzigo) kunakopotea ukitia mzigo mara nyingi ni ucheze wa gia, bushi ya gia ya kati imeliwa. Mngurumo mzito unaoongezeka na mzigo ni beringi.

Chukua bisibisi ndefu, ncha kwenye kava, mpini kwenye sikio, tembea nayo sehemu kwa sehemu. Kisha fungua chujio la oili, likate ganda baada ya kulisafisha kwa nje, ukunjue karatasi juani. Chembe za rangi ya shaba zinatoka kwenye bushi. Vipande vya chuma, vile vinavyorukia sumaku ya spika mbovu, vinatoka kwenye meno ya gia au beringi. Ukivikuta hivyo vya pili, usisafiri.

Ukifungua kava, pima ucheze wa meno kwa geji ya saa. Kitabu cha mashine ndicho kinachoamua, lakini gia nzima kwa kawaida hukaa chini ya robo milimita. Na tazama tundu la oili la gia ya kati. Nimewahi kulikuta limezibwa na gasketi ya kupaka, ile ya kwenye mrija, mtu kajipakia kama siagi.

Dampa ya krenki ni pambo?

Kuna waliodhani hivyo, wakaitoa kwa sababu "inatikisika". Krenki ndefu ya silinda sita husokotwa na kuachiwa kila silinda inapowaka, na dampa ndiyo inayomeza msokoto huo. Bila yake gia za taiming, kii na boliti za mbele zinakatika bila sababu inayoonekana, na mwishowe krenki yenyewe. Ya raba: piga mstari wa rangi kutoka kitovuni hadi pete ya nje, mstari ukikatika ukawa na hatua, raba imeachia. Ya majimaji mazito ndani: ikiwa na bonyeo la nyundo au inavuja, imekwisha, haitengenezwi kijijini.

Mikanda je?

Ikiwa miwili au mitatu kwenye puli moja, ibadilishe yote pamoja. Mpya na wa zamani haivuti sawa. Bonyeza kwa dole gumba katikati ya safari ndefu, ushuke kama sentimita moja au zaidi kidogo. Ukiukaza kama uzi wa gambusi utaua beringi ya alteneta na ya pampu. Kutu kwenye mifereji ya puli ni msasa, isugue kabla ya kufunga mkanda mpya.

Pampu ya maji ya chumvi inadondosha maji kwenye kitundu cha chini. Niizibe?

Usiizibe! Ningeweza kuishia hapo.

Pampu inayozungushwa na gia ina sili mbili kwenye shafti: moja inazuia maji ya bahari, nyingine inazuia oili ya mashine. Kati yao kuna nafasi tupu na kitundu kinachotazama chini. Likitoka tone la maji, sili ya maji imekwisha; likitoka tone la oili, ni ile nyingine. Kitundu kinakupa habari, na kinatoa maji nje yasiendelee. Ukikiziba kwa kijiti au gundi, au fundi rangi akakipiga koti mbili kabla ya sherehe za kushusha chombo, maji ya chumvi yatapita sili ya pili na kuingia kwenye oili. Ukichomoa kijiti cha oili utaona chai ya maziwa. Beringi za krenki hazinywi chai.

Pampu hiyo ikishika, kinachokatika ni kii yake, shafti, au jino la gia inayoizungusha. Mara nyingi ilianza kwa impela (gurudumu la mapezi ya raba linalosukuma maji): raba imekauka kwa kuendeshwa bila maji, vipande vyake vimekwenda kulala kwenye kipoza. Hesabu vipande. Impela ikikosa mapezi mawili, tafuta mawili.

Mashine nzima iko sawa, lakini boliti za kaplini ya shafti ya rafadha hukatika.

Unyoofu wa mashine na shafti. Na hapa wengi hupima chombo kikiwa kimepwelewa ufukweni wakati wa bamvua, kimeegemea magogo. Chombo cha mbao kikiwa nchi kavu kina umbo moja, kikielea kina jingine. Kishushe, kiache majini siku mbili, tangi likiwa na dizeli ya kawaida, ndipo ulegeze kaplini. Nyuso mbili zikutane, kisha upitishe geji ya mabapa kuzunguka: tofauti kati ya pahali panapobana na panapoachia isizidi milimita 0.1 kwa kila sentimita 10 za upana wa kaplini. Zungusha shafti robo duara, pima tena. Tofauti ikihama na shafti, shafti imepinda. Ikibaki pale pale, ni vitako vya mashine.

Kama kuna kelele ya kokoto kwa sailensi baina ya fulaiwili na giaboksi, na inapotea ukiongeza mwendo, ni sahani yenye springi imechoka. Springi zikitoka huingia kwenye kila kitu.

Spea ya mtumba, au nikampe fundi mkereza anichongee?

Shafti nyoofu, bushi, spesa, hata puli: mkereza mzuri atakufanyia, mradi umpe chuma kinachofaa na umwambie asiache kona kali kwenye ngazi za shafti. Kona iwe ya mviringo, ufa unapenda kona. Gia za taiming usichonge. Meno yake yamekaushwa kwa moto kwa namna ambayo gereji zetu hazina, na gia ngumu ikikutana na laini, moja itakuwa unga. Hapo bora mtumba wa mashine ile ile, na ununue jozi iliyozoeana. Kii usiikate kwenye msumari wa nchi sita, na pini iliyowekwa ikatike usiibadilishe kwa iliyo ngumu zaidi. Ilikuwa inakulinda.

Nichukue spea gani chomboni?

Impela na gasketi yake, seti ya mikanda, kaplini ya pampu pamoja na boliti zake za namba, kii mbili tatu zilizochongwa tayari, chujio za dizeli, kwa Detroit shafti ya bloa, spana ya kuzungushia krenki, geji ya mabapa, tochi mbili. Na mshipi wa kuvulia: ukiuvuta kutoka puli hadi puli unakuonyesha iliyokaa mshazari, na kama mnasubiri kuvutwa, utapata kitoweo.